UNDUGU ULIOMO NDANI YA MFUPA



Ndugu wasomaji, liko swali moja ambalo tumeulizwa hapa Lupaso zaidi ya mara moja na wazazi wa Masasi na wa Newala, nasi tumeona halifai kujibiwa barazani kwa mtu mmoja mmoja, bali yafaa liwekwe hapa lisomwe na nyumba nzima. Swali lenyewe ni hili: mtoto ana maradhi ya damu, na madaktari wasema yumkini akapona kabisa kwa kupandikizwa uloto wa nduguye. Na huyo nduguye ni mtoto wa miaka sita au saba, hajabaleghe, wala hawezi kulipima jambo kubwa kama hili. Je, ni halali kumtoboa mfupa mtoto mwenye afya kwa ajili ya mtoto mgonjwa? Na wazazi, je, wana haki ya kusema "ndiyo" kwa niaba ya asiyeweza kujisemea?

Swali hili si dogo. Upande mmoja iko roho ya mtoto iliyo hatarini. Upande wa pili uko mwili wa mtoto mwingine, nao ni amana mikononi mwa wazazi wale wale. Wanazuoni wetu wamefundisha kwamba mtu hawezi kulihukumu jambo asilolifahamu. Basi na tuanze kwa kulifahamu, kisha ndipo tuje kwenye hukumu.

Uloto ni nini?

Kila aliyekula nyama ya mbuzi akauvunja mfupa aujua uloto. Ni ile nyama laini iliyojaa ndani ya mfupa, ambayo watoto hugombea kuifyonza. Wengine huiita uboho. Wengi wetu hudhani kwamba kazi yake ni kuulainisha mfupa tu. La, sivyo. Uloto mwekundu ndio shamba inamoota damu yote ya mwanadamu. Humo hutoka chembe nyekundu zinazobeba hewa safi kuipeleka kila kiungo. Hutoka chembe nyeupe, nazo ni askari wa kupigana na maradhi. Na hutoka chembe sahani, ambazo kazi yake ni kuigandisha damu mtu anapojikata. Chembe hizi hazidumu. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na chembe sahani hazifiki hata nusu ya mwezi. Kwa hiyo hapana budi shamba lizae usiku na mchana, tangu mtu hajazaliwa mpaka siku ya kufa kwake.

Mbegu za shamba hilo ni chembe chache ambazo madaktari huziita seli shina, kwa kuwa zimekaa kama shina la mti ambalo matawi yote hutoka kwake. Mbegu hizi zikiwa njema, damu huwa njema. Zikiharibika, hakuna dawa ya kupaka wala ya kunywa itakayoigeuza mbegu mbovu kuwa nzima. Hapo ndipo lilipokuja wazo la kuing'oa mbegu mbovu na kupanda nyingine mahali pake.

Maradhi yenyewe

Maradhi yanayotibiwa kwa njia hii ni mengi, lakini tutataja mawili tu.

La kwanza ni saratani ya damu, iitwayo lukemia. Katika maradhi haya chembe nyeupe changa huzaana pasipo kiasi, zikaujaza uloto kama magugu yanavyolijaza shamba, hata zile chembe zenye manufaa zikakosa nafasi. Yafaa ifahamike kwamba si kila lukemia yataka kupandikizwa uloto. Ile inayowapata watoto wengi zaidi hutibiwa kwa dawa za kuua chembe mbaya, kwa muda wa miaka miwili au zaidi, na katika nchi zenye hospitali za kutosha watoto zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Lakini iko lukemia nyingine ya nadra sana, ambayo huwapata watoto wadogo, wengi wao wa chini ya miaka minne. Kwa mwaka mzima humpata mtoto mmoja hivi katika kila watoto milioni. Wataalamu huiita lukemia ya mayelomonosaiti ya utotoni. Chanzo chake ni kosa katika maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya chembe. Kwa watoto wengi kosa hilo hutokea katika chembe za mtoto mwenyewe, si kitu alichokipata kwa baba wala kwa mama. Kwa baadhi yao huwa wamezaliwa nalo. Isipokuwa kwa watoto wachache, lukemia hii haiponi ila kwa kupandikizwa uloto, na hata kwa njia hiyo wanaopona ni nusu yao hivi. Twasema hivyo ili mzazi asidanganyike kwamba hii ni dawa isiyoshindwa.

La pili ni selimundu, ambayo watu wengi huiita siko seli. Hii si ya nadra kwetu. Yakadiriwa kwamba katika nchi yetu ya Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka. Chembe nyekundu za mtoto huyu hupinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo, naye akapata maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, na pengine kupooza. Wengi huishi nayo kwa kutunzwa na kupewa dawa. Lakini kwa wale wanaoteswa nayo sana, uloto wa ndugu unaolingana huwaponya zaidi ya 90 katika kila 100 katika hospitali zenye ujuzi.

Hapa yatupasa tuwaonye wazazi wa nyanda zetu juu ya jambo moja. Mtoto wa lukemia huanza kwa kuparara, homa zisizokoma, fizi kutoka damu, mabaka mwilini pasipo kupigwa, maumivu ya mifupa, na tumbo kuvimba upande wa kushoto kwa sababu bandama imekua. Kwetu sisi, tumbo likivimba upande huo watu husema, "Mtoto ana bandama," kisha huletwa wembe akachanjwa chale. Tafadhalini sana, acheni! Mtoto ambaye chembe sahani zake zimekwisha huweza kutoka damu isikatike, na mtoto ambaye askari wake wamekwisha huweza kufa kwa kidonda cha chale moja. Wala wengine wasipoteze miezi wakimtafuta nani kamroga. Maradhi haya hayakutumwa na jirani wala na bibi kizee. Miezi inayopotea kwa kupiga ramli ndiyo ile ile ambayo mtoto angaliweza kutibiwa.

Namna ilivyoanza dawa hii

Katika miaka ya 1950 daktari mmoja wa Marekani, E. Donnall Thomas, alianza kuwapa wagonjwa wa saratani ya damu uloto wa watu wengine. Wengi wa wagonjwa wa kwanza walikufa, kwa kuwa mwili huwafahamu wake na huwakataa wageni. Mwaka 1958 mtaalamu wa Ufaransa, Jean Dausset, akagundua alama zilizo juu ya chembe nyeupe ambazo kwa hizo mwili humtambua nani wake na nani mgeni. Ndipo ikajulikana kwamba uloto hauna budi kulinganishwa kwanza. Mwaka 1968, katika Minnesota huko Marekani, mtoto mchanga wa kiume aliyezaliwa bila askari wa mwili alipewa uloto wa dada yake, ambaye naye alikuwa mtoto. Yule mchanga akaishi mpaka akawa mtu mzima. Dausset alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1980, na Thomas mwaka 1990.

Tangu hapo elimu hii imeenea. Jamaa zetu waishio Maskati wanajua kwamba Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos ilianza kazi hii mwaka 1994. Hapa Tanzania, miaka mingi wenye uwezo walikuwa wakisafiri mpaka India. Mwaka 2021 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipandikiza uloto kwa mara ya kwanza nchini, kwa wagonjwa waliorudishiwa chembe zao wenyewe. Na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu uloto wa ndugu zao.

Kazi hufanywa hivi. Mgonjwa hulazwa katika chumba cha peke yake, akapewa kwa siku kadhaa dawa kali za kuufuta uloto wake mbovu. Kisha uloto wa nduguye humiminwa katika mshipa wake kama damu inavyomiminwa, na zile mbegu, kwa uwezo wa Aliyeziumba, hujiendea zenyewe mpaka ndani ya mifupa. Baada ya wiki mbili mpaka nne huanza kuota. Muda huo wote mtoto hana askari hata mmoja, na homa ndogo yaweza kumwua. Na hata baadaye, chembe mpya huweza kuuona mwili wa mwenyeji kuwa ni ugeni zikaupiga vita, katika ngozi, tumbo na ini. Tena zile dawa kali huweza kumfanya mtoto asije akazaa ukubwani. Mambo haya yote mzazi ana haki ya kuyauliza na kuelezwa kabla hajaweka sahihi yake.

Nani afaaye kutoa?

Mtoto hurithi nusu ya zile alama kwa baba yake na nusu kwa mama yake. Kwa hiyo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana bahati moja katika nne ya kulingana na nduguye kabisa. Mgonjwa mwenye ndugu mmoja ana tamaa ndogo. Mwenye ndugu wanne ana bahati ipatayo 68 katika 100 ya kumpata mmoja wao anayelingana. Mwenye alama ya selimundu ambaye si mgonjwa anaweza kumpa nduguye. Lakini katika lukemia ya kurithi hupimwa kwanza kama naye hana kosa lile lile, isije ikapandwa mbegu ile ile iliyong'olewa.

Ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali, nao ni wengi katika nyumba zetu za wake wawili na watatu, kwa kawaida hawalingani kabisa, kwa kuwa upande wa mama ni mwingine. Hili si dosari ya upendo wao. Ni maumbile tu.

Sasa twataka kila mume asome maneno haya mara mbili. Watoto watatu katika kila wanne wa baba mmoja na mama mmoja hawalingani na ndugu yao mgonjwa. Kutolingana kwa uloto siyo dalili kwamba mtoto si wako! Mtu akirudi nyumbani na karatasi ya vipimo, akamtazama mkewe kwa jicho la shaka kwa sababu ya neno "hawalingani", amemdhulumu mke, amewadhulumu watoto, na ameingia katika dhana mbaya tuliyokatazwa. Nyumba yenye mtoto mgonjwa haihitaji kuongezewa moto wa talaka.

Na lawama nyingine ni ile ya koo. Sisi Wamakua, Wayao na Wamakonde twahesabu ukoo kwa upande wa mama, na pengine husemwa, "Ugonjwa huu umetoka kwa kina mama yake." Selimundu haiji ila mtoto arithi alama kwa baba na kwa mama pamoja, na wazazi wawili wenye alama hiyo, kila mimba ina hatari moja katika nne ya kuzaa mgonjwa. Hakuna wa kumcheka mwenzake. Lililo bora ni vijana wapime damu kabla ya kuoana, hasa wanaooana binamu kwa binamu. Saudi Arabia imewalazimisha wachumba kupima tangu mwaka 2004, wala hakuna aliyesema kwamba kupima ni kuibatilisha ndoa.

Hukumu yake

Baada ya kulifahamu jambo, sasa twaweza kusema juu ya hukumu. Kwamba kutafuta dawa ni katika mafundisho ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hapana asiyejua; na kwamba kuiokoa nafsi moja kumefananishwa na kuwaokoa watu wote, kila mtoto wa madrasa amefundishwa. Lakini lililoulizwa ni la kuchukua katika mwili wa mtu mwingine.

Wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya nchi za Kiislamu walikutana Jeddah mwezi wa Februari 1988, wakakubaliana kwamba yafaa kuhamisha kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu kitu ambacho mwili hukiotesha tena, kama damu na ngozi, kwa sharti kwamba mtoaji awe amekamilika kisharia, yaani mwenye akili zake na aliyebaleghe. Uloto ni katika vitu vinavyoota tena. Kwa mtu mzima basi jambo liko wazi.

Kwa mtoto ndipo palipobaki uzito, maana yeye hajakamilika. Jambo hili lilitazamwa na Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka mwezi wa Desemba 2003, walipozungumza juu ya seli shina. Wakasema kwamba yafaa kuzichukua kwa watu wazima kwa idhini yao, na kwa watoto kwa idhini ya mawalii wao, ikiwa iko maslaha inayokubaliwa na sharia, na ikiwa mtoto hadhuriki. Ndugu wasomaji, yaangalieni vizuri masharti hayo. Idhini ya walii peke yake haikutosha. Imefungwa pamoja na maslaha na kutodhuru. Baba si mwenye mali na mwanawe ni mbuzi. Yeye ni mchunga aliyewekwa amana, na ataulizwa juu ya kila mmoja wa watoto wake, aliye mgonjwa na asiye mgonjwa.

Je, mtoto anayetoa anadhurika? Hulazwa usingizi kwa nusukaputi, akachomwa kwa sindano nene katika mfupa wa nyonga kwa nyuma, wala hapasuliwi. Kwa desturi hachukuliwi zaidi ya mililita 20 kwa kila kilo ya mwili wake. Yaani mtoto wa kilo 20 hazidishiwi mililita 400, na mara nyingi huwa chini ya hapo. Huona maumivu ya kiuno kwa siku chache, na pengine akapungukiwa damu. Katika wiki nne mpaka sita kilichotolewa huwa kimekwisha kuota tena. Madhara makubwa ni nadra sana; lakini nadra si sawa na hapana, na kwa ajili hiyo haifai kumpeleka kwa mtu asiye na ujuzi.

Wengine wameuliza: akipewa uloto wa mtu baki, na damu yake ikawa damu ya yule, je, watakuwa ndugu kama wa kunyonya, wasiweze kuoana? La. Wanazuoni wa Makka walipokutana mwaka 1989 walisema kwamba kutiwa damu hakuleti uharamu uletwao na kunyonya. Na uloto twauona uko katika njia hiyo hiyo. Na kuuza ni jambo lisilofaa kabisa: mwili wa mwanadamu haupelekwi mnadani kama korosho.

Haki za mtoto anayetoa

Hapa twataka kukaa kidogo, kwa sababu mgonjwa huwa na watu wengi wa kumsemea, na huyu mwingine husahauliwa.

Haki yake ya kwanza ni kwamba atafutwe mtu mzima kabla yake. Mwaka 2010 madaktari wa watoto wa Marekani waliweka masharti matano ya kumchukua mtoto kuwa mtoaji: asiwepo mtu mzima katika jamaa awezaye kutoa kwa manufaa yale yale, pawe na mapenzi ya karibu baina ya watoto hao, iwepo tamaa ya kweli kwamba mgonjwa atafaidika, hatari zipunguzwe kadiri iwezekanavyo, na wazazi wakubali pamoja na mtoto mwenyewe kuridhia kwa kadiri ya akili yake. Tukiyalinganisha na maneno ya wanazuoni wa Makka, twaona kwamba njia mbili zimekutana mahali pamoja.

Haki ya pili ni kuambiwa kweli. Haifai kumdanganya mtoto kwamba anapelekwa Dodoma kutembea. Mtoto wa miaka sita anafahamu akielezwa kwa Kimakua chake au Kimakonde chake: "Damu ya kaka yako imeharibika. Ndani ya mfupa wako mna mbegu njema. Utalala usingizi, utachomwa, utakapoamka kiuno kitauma, kisha kitapona." Aachwe aulize. Akilia, asipigwe wala asitishwe, aelezwe tena. Na awepo daktari wake mwenyewe wa kumtazama, asiwe yule yule anayemtibu nduguye, ili pawe na jicho lisiloona ila maslaha yake.

Haki ya tatu ni kushirikishwa kwa wakubwa wake kwa amani. Kwa sharia walii ni baba. Lakini katika desturi zetu neno la mjomba lina uzito, na mama ndiye atakayekesha hospitalini. Baba mwenye busara huwakalisha wote mkekani kabla ya safari. Mjomba aliyeachwa nje leo ndiye atakayesema kesho, "Mmemtoboa mtoto wetu bila kutuuliza."

Haki ya nne, nayo ndiyo kubwa kwetu, ni kutolaumiwa. Tumekwisha kusema kwamba wako wanaokufa hata baada ya kupandikizwa. Ikiwa Mungu amelikadiria hilo, asitokee mtu katika tanga akasema, "Uloto wa fulani haukuwa na baraka." Neno moja la namna hii laweza kumlemea mtoto mpaka uzee wake. Yeye alitoa alichokuwa nacho. Kufa na kuishi hakukuwa mkononi mwake. Na ikiwa nduguye amepona, vile vile asigeuzwe kuwa mdai, wala mgonjwa asikumbushwe kila siku kwamba ana deni.

Haki ya tano ni uadilifu nyumbani. Mgonjwa huletewa maziwa, nguo na pole, na mwenzake hukaa pembeni na kiuno kinamwuma. Zawadi ikija, iwe kwa wote wawili.

Njia ya kufuata

Mzazi atasema, "Mmetueleza, lakini Dodoma ni mbali." Ni kweli, kutoka kwetu kwa njia ya Dar es Salaam ni kilomita 1,000 hivi. Lakini safari haianzii Dodoma. Huanzia zahanati ya kijiji, kisha Mkomaindo pale Masasi mjini, au Ndanda, na kutoka hapo hospitali ya rufaa ya kanda iliyopo Mtwara. Mwombeni mganga apime damu yote, wala si malaria peke yake. Mtoto akionekana ana saratani, Muhimbili ina wodi ya watoto wa saratani, ambako hospitali hushirikiana na taasisi ya Tumaini la Maisha kuwatibu bila kuwatoza malipo. Gharama ya kupandikiza uloto ni makumi ya milioni za shilingi. Basi kabla mtu hajauza mikorosho yake au kuweka rehani nyumba, na aende kwanza katika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali aulize ni msaada gani uliopo, na bima yake inalipa nini.

Sisi watu wa Lupaso twalo jambo la kulikumbuka. Mzee Benjamin William Mkapa, Rais wa tatu wa Tanzania, alizaliwa hapa mwaka 1938, na mwaka 2020 alirudishwa hapa akazikwa. Dini yake haikuwa yetu, lakini ujirani ni ujirani. Hospitali yenye jina lake ndiyo hiyo ambamo watoto hupewa uloto wa ndugu zao. Haielekei jina la mwana wa kijiji chetu liwe mlangoni mwa dawa, nasi tuwe tungali tunawachanja watoto chale za bandama.

Na wale wasio na mgonjwa nyumbani wana kazi yao pia. Mtoto anayepandikizwa uloto, na yule wa lukemia, huhitaji damu ya watu wengi kabla ya shamba lake kuota. Kijana aliyetimiza miaka 18 na uzito wa kilo 50, mwenye afya, aweza kutoa damu. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Na jamaa za msikiti zaweza kuchangia nauli na chakula cha mama anayekaa na mgonjwa mjini kwa miezi.

Basi jawabu letu kwa wazazi waliouliza ni hili. Kumchukulia mtoto uloto ili aokolewe nduguye kwafaa, akikosekana mtu mzima wa kutoa, wakithibitisha madaktari waaminifu kwamba iko faida na hakuna madhara, na mkiilinda haki ya yule mdogo kama mnavyoilinda roho ya mgonjwa. Na kila nyumba ina hali yake. Kwa hiyo mwulizeni sheikh wenu pamoja na daktari wenu, msimwulize mmoja mkamwacha mwingine. Mkikwisha kufanya yote hayo, matokeo yaachieni kwa Mwenyezi Mungu, wala msiyatafutie mtu wa kumlaumu.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.